Neno Nililolifuta Kwenye Karatasi ya Ubuyu

Naungama kwamba niliwaambia watu wa Same jambo ambalo sikulijua. Niliandika karatasi, nikaichapisha, nikaigawa kwa mkono wangu, ikisema kuwa unga wa ubuyu hulinda ini la mnywaji wa pombe. Karatasi hiyo ilisambaa Makanya, Hedaru na Same mjini, ikapanda milimani mpaka Suji na Chome. Wapo walioisoma wakaiamini, wakaendelea kunywa wakiwa wametulia moyo. Mmoja wao ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye tumeshamzika.

Ubuyu wenyewe hauna kosa, na nisingependa mtu amalize kusoma hapa akiuchukia. Kwetu mvua huishia juu. Hunyesha Shengena, kilele chenye mita 2,462, na kwenye msitu wa Chome unaokizunguka; huku chini, kuanzia Hedaru kupita Makanya hadi Same, tunabaki na mkonge, machimbo ya jasi na mibuyu. Mwaka ambao mahindi yameungua shambani, mbuyu huzaa vilevile. Mama zetu walikoroga ubuyu kwenye uji wakampa mtoto mwenye homa asiyetaka kula, na watoto wa shule waliumung'unya njiani. Sisi wanawake wa kikundi chetu cha ubuyu tuliongeza tu kazi ya mikono: kupasua maganda, kutwanga taratibu mbegu zisivunjike, kuchekecha, kupima, kufunga kwenye pakiti. Unga wake una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule, una kalsiamu, una nyuzinyuzi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo uuzwe kama chakula katika nchi zake, na mwaka uliofuata Marekani nayo ikaukubali. Tulipopata habari hiyo tulidhani wanunuzi wangepanga foleni Makanya. Hawakuja. Pakiti zikajaa kwenye chumba nilichokuwa nakilipia kodi mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta la kuwaambia watu. Kati ya wanakikundi mimi ndiye niliyesoma kidogo, nina stashahada ya kilimo, na neno langu lilipokelewa bila kuulizwa mara mbili. Nikapata kwenye simu muhtasari wa utafiti uliofanywa Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2003. Watafiti waliwapa panya sumu ya kuharibu ini, wakawapa pia dondoo la tunda la mbuyu, na maini ya panya hao yakaonekana kuumia kidogo kuliko ya wenzao waliopewa sumu peke yake. Utafiti huo upo, sikuubuni. Lakini nilisoma aya moja tu. Sikuitafuta makala kamili, wala sikujiuliza sumu ile ilikuwa ya aina gani.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Utafiti kwa panya umeonyesha kuwa ubuyu hulinda ini." Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Mmoja akasema, "Dada, panya wa nini tena hapo? Mtu anataka kusikia habari za ini lake." Nikachukua kalamu, nikalifuta neno panya. Ikabaki: "Utafiti umeonyesha kuwa ubuyu hulinda ini." Kisha, kwa kuwa nilijua ni nani hasa kwetu anayeliogopea ini lake, nikaongeza maneno yangu mwenyewe: "Unafaa sana kwa wanywaji wa pombe." Hakuna mtafiti aliyesema hivyo. Nilisema mimi.

Na pakiti zikauzika. Siwezi kuungama nusu: fedha ilikuwemo. Kodi ya chumba ikalipika, ada za watoto wa wanakikundi zikalipika, nami nikapata sifa ya kuwa mtu mwenye akili ya biashara. Kila nilipopata shaka, nililitazama daftari la mauzo na shaka ikaondoka.

Lazima nieleze kwa nini watu waliyapokea maneno yale kwa wepesi hivyo. Upare wa Kusini, huku kwetu, ni nchi ya Wasabato. Wamisionari wao kutoka Ujerumani walifika mwaka 1903, wakajenga kituo chao Giti na kukiita Friedenstal, na tangu wakati huo familia nyingi za milimani, yangu ikiwemo, zimelelewa zikijua kwamba pombe ni dhambi. Lakini dengelua, pombe yetu ya miwa, haikukoma kwa sababu kengele ya kanisa imelia. Wanaume wengi walijifunza tu kunywa kwa kificho. Na anayekunywa kwa kificho hana wa kumuuliza. Hawezi kumwambia mchungaji. Hawezi kumwambia muuguzi wa zahanati ambaye Sabato wanakaa naye kanisa moja. Baadaye vikaja viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyokuwa vikiuzwa stendi kwa bei ambayo hata mpiga debe aliimudu, mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Gongo nayo ilikuwepo wakati wote huo, ingawa sheria ya kuizuia ni ya mwaka 1966. Kwa watu hawa, karatasi yangu ilikuwa neno la kwanza kuhusu pombe lisilowahukumu. Nililiona hilo nikafurahi. Nilijiona nina huruma kuliko mahubiri, kumbe nilichokuwa nawapa ni ruhusa.

Kaka alikuwa mpakiaji wa malori ya jasi Makanya. Kazi ile ni ya vumbi na mgongo, na jioni wapakiaji wengi hukaa kilabuni. Alianza na dengelua, akahamia kwenye viroba, na vilipoondolewa akaingia kwenye gongo. Pakiti za ubuyu alizichukua kwangu, nami nikampunguzia bei kwa kuwa ni ndugu. Alikuwa akikoroga glasi moja kabla ya kutoka nyumbani. Siku moja alipita mbele ya genge letu akanipungia mkono: "Dada, leo nimeshajikinga!"

Wifi yangu ndiye aliyeona kwanza. Alinijia peke yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, hiki kitu kinafanya kazi kweli? Maana tangu aanze kukinywa, pombe ameongeza." Mwanamke huyu hakuwa na stashahada ya chochote, lakini alikuwa ameliona jambo lenyewe ndani ya nyumba yake: mtu akiaminishwa kwamba amekingwa, huongeza. Nilimjibu, "Utafiti upo, wifi." Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko karatasi yenyewe. Karatasi niliiandika kwa ujinga. Wifi alikuwa amenionyesha ukweli, nami nikamfunga mdomo kwa elimu yangu.

Macho ya kaka yakaanza kuwa ya manjano. Miguu ikavimba, kisha tumbo likajaa maji huku mikono ikikonda. Aliposhauriwa aende hospitali alionyesha karatasi, akasema ini lake liko kwenye dawa, na badala ya glasi moja akawa anakunywa mbili. Tulimpeleka Moshi siku alipotapika damu.

Daktari aliyempokea hakunigombeza. Aliuliza anakunywa nini, kwa muda gani, na kama kuna dawa za miti anazotumia. Nikatoa pakiti kwenye mkoba, nikamweleza habari za utafiti. Akauliza swali moja tu: "Panya wale waliharibiwa ini kwa pombe?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyatangaza matokeo ya utafiti huku nikiwa sijui hata maini ya wanyama wale yaliharibiwa kwa kitu gani.

Sasa najua, na naomba msomaji anivumilie nieleze, kwa sababu kosa langu lote limo humu. Panya wale walipewa kaboni tetrakloridi, kimiminika cha viwandani kilichowahi kutumika kusafishia nguo na kuzimia moto. Kikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa radikali huru, yaani chembe zisizotulia zinazoshambulia utando wa seli. Kazi ya antioksidanti, zile za kwenye ubuyu, zambarau, rozela na matunda mengine, ni kuzituliza chembe hizo. Ukichagua sumu inayoua zaidi kwa njia hiyo, kisha ukampa mnyama kitu kinachoizuia njia hiyohiyo, utapata matokeo mazuri. Ndiyo maana mimea mingi mno imefaulu jaribio hili kwa panya, na mingi ya hiyo haijawahi kumtibu mgonjwa yeyote.

Pombe haina njia moja. Ini huibadili kuwa asetaldehidi, sumu inayojishika kwenye protini za seli na kuzivurugia kazi. Wakati ini linahangaika kuivunja pombe, huacha kuyachoma mafuta kama inavyopasa, na mafuta hayo hulundikana ndani ya seli. Utumbo wa mnywaji huvuja, sumu za bakteria zikapenya hadi kwenye ini, na askari wa mwili wanaotumwa kupambana nazo huliumiza ini lenyewe. Kisha kuna seli ambazo kazi yake ni kutengeneza makovu. Zikichochewa kila siku, huendelea kutengeneza mpaka ini linakuwa gumu na kusinyaa, damu ikakosa pa kupita, ikarudi nyuma na kuijaza mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Hiyo ndiyo damu aliyotapika kaka. Radikali huru zimo katika kisa hiki, lakini ni sehemu yake tu. Nilikuwa nimeuza kufuli la mlango mmoja kwa mwenye nyumba ya milango mingi.

Tena panya si mtu. Panya hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, jambo ambalo sisi hatuwezi. Na panya hata akinyweshwa pombe kwa muda mrefu, ni vigumu ini lake kufikia makovu kama ya binadamu. Mtu anayebeba matokeo ya panya akayaweka kwenye meza ya mlevi wa Makanya ameruka mambo mengi katikati, na mimi niliyaruka yote kwa kufuta neno moja.

Lililonivunja zaidi ni kujua kwamba watu walikuwa wamekwisha kujaribu, kwa wagonjwa halisi, na majibu yalikuwepo kabla sijashika kalamu. Mwaka 2006 madaktari wa Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 101 wenye homa kali ya ini iliyosababishwa na pombe. Kundi moja lilipewa dawa za jamii ya steroidi, jingine likapewa mchanganyiko wa antioksidanti. Ndani ya siku 30, katika kundi la steroidi walikufa 16 kati ya 53. Katika kundi la antioksidanti walikufa 22 kati ya 48. Mwaka 2011 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio mbalimbali ya vidonge vya antioksidanti kwa magonjwa ya ini, pombe ikiwemo, na hawakupata ushahidi wa kuwafanya wavipendekeze. Hata zile namba za "nguvu ya antioksidanti" ambazo wauzaji hupenda kuziandika kwenye vifungashio, nami nilikuwa nimepanga kuziandika kwenye pakiti mpya, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliziondoa kwenye kumbukumbu zake mwaka 2012, kwa kuwa kipimo cha maabara hakisemi tunda litafanya nini ndani ya mwili wa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo daktari alinieleza baadaye, na sijawahi kulisikia kwa muuzaji yeyote wa matunda ya dawa. Kaka alianzishiwa dawa ya kupunguza maji tumboni, ile iitwayo spironolaktoni. Dawa hiyo huzuia madini ya potasiamu yasitoke mwilini. Ubuyu una potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Akaagiza ubuyu usiingie tena wodini. Kitu nilichokiita kinga kikawa kimekatazwa kwa mgonjwa wangu mwenyewe, na aliyekuwa akimletea kwenye chupa ya chai alikuwa mimi.

Hakurudi Makanya akiwa hai. Siwezi kusema ubuyu ndio uliomuua. Pombe ndiyo iliyomuua, na huenda angekufa hata kama nisingeandika neno. Lakini ilikuwepo miezi ambayo macho yalikuwa bado meupe. Miezi hiyo niliichukua mimi.

Mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mizizi ya mugariga, niliyaona mabasi yakipita barabara yetu kuu kutoka Dar es Salaam yakielekea kaskazini. Nilisema maneno makali juu ya watu wale. Nilisema wameacha dawa za hospitali kwa ajili ya ndoto ya mtu. Leo naona yule mzee alisema waziwazi kuwa ameota, na kila aliyekwenda alijua anakwenda kwa imani. Mimi nilisema "utafiti". Mtu wa kijijini anaweza kuipima imani kwa imani yake, lakini utafiti hana cha kuupimia. Anategemea uaminifu wa anayemsomea. Uaminifu huo ndio niliouza.

Baada ya matanga niliwaita wanakikundi, nikawaeleza kama ninavyoeleza hapa. Wengine walilia. Wawili waliondoka wakisema nimekuja kuwaharibia biashara. Tulikubaliana kuzikusanya karatasi, na nikazunguka minadani na masokoni nikiwaambia watu kwamba niliyoandika hayakuwa kweli. Ni kazi ngumu kuliko kuuza. Wapo walioniambia, "Mbona mimi ubuyu umenisaidia, uchovu wa asubuhi haunipati?" Niliwaeleza kwamba ini haliumi mwanzoni, kwamba mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku makovu yanaongezeka, na kwamba kuamka bila kichwa kuuma hakusemi lolote kuhusu ini. Sina hakika ni wangapi walinisikia.

Kwa wifi nilikwenda peke yangu. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nilikuuliza, wifi." Hakuongeza. Watoto wake bado wananiita shangazi na wananisalimia kwa heshima, na nimewalipia shule kadiri ninavyoweza, ingawa najua hilo si malipo.

Ubuyu bado tunauza. Kwenye pakiti tumeandika jina la chakula, uzito, tarehe na mahali ulipotoka. Anayeniuliza unatibu nini, namjibu kwamba ni chakula kizuri, unaongeza vitamini kwenye uji, na asiujaze sukari, kwa kuwa sukari nyingi nayo hulundika mafuta kwenye ini.

Sasa nawaomba ninyi wenye ndugu anayekunywa. Kinachojulikana kuliokoa ini la mnywaji ni kuacha pombe. Ini lililojaa mafuta tu linaweza kurudi katika hali yake ndani ya wiki chache mtu akiacha kabisa, na hata lililokwisha kupata makovu humpa mwenye nalo maisha marefu zaidi akiacha kuliko akiendelea. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku msimfungie chumbani aache ghafla: anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege na kufa. Mpelekeni hospitali asaidiwe kuacha, na huko watampa vitamini anayoihitaji kweli, yaani vitamini B1. Ombeni pia apimwe homa ya ini aina ya B, maana chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwetu mwaka 2002 na wengi waliozaliwa kabla hawakuipata, na virusi hivyo vikikutana na pombe huliharibu ini haraka zaidi. Msimpe vidonge vya parasetamoli hovyo kila akiamka na kichwa. Kwa ini la mlevi, vikizidi ni sumu nyingine.

Kama unayo karatasi yangu, iwe Hedaru, Suji au popote ilipofika, ichane. Ukiona macho ya mtu wako yamekuwa ya manjano, au tumbo limejaa na miguu imevimba, usimkorogee kitu chochote. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, umtajie daktari pombe yote anayokunywa na dawa zote za miti anazotumia, bila kuficha hata moja.